Mnaotuambia "kitabu hiki kinajitegemea", mmenitia hasara

Wakuu, salaam. Nimekaa na jambo hili wiki mbili nikidhani hasira zitashuka. Hazijashuka.

Mimi ni msomaji wa riwaya za dunia za kubuni, zile zenye uchawi na safari za hatari. Huku Tanga kuvipata vitabu hivi ni kazi: unaagiza Dar, unatuma hela kwa simu, halafu unakwenda kuungojea mzigo stendi ya Kange. Kwa hiyo kila kitabu nakipigia hesabu. Nikauliza humu humu, na kwa muuzaji pia, kwa mwandishi Brandon Sanderson nianze na kipi? Nilishajua vitabu vyake vingi vimo ndani ya ulimwengu mmoja uitwao Cosmere, tangu Elantris ya 2005, na kwamba mfululizo wa Stormlight peke yake una majuzuu matano, kila moja limepita kurasa elfu moja. Hela ya huko sina. Nilitaka kimoja, kianze na kiishie hapo hapo. Watu watatu mkanijibu: chukua The Sunlit Man cha 2023, kifupi, kinajitegemea. Muuzaji nilimuuliza mara mbili kwa maandishi, "Hata kama sijasoma kingine?" Akajibu, "We soma tu mkuu." Nikatoa elfu arobaini na tano, nauli ya mzigo mbali.

Mwanzo umenishika kweli. Kuna sayari ambayo jua lake likichomoza linaunguza kila kitu, ardhi yenyewe inayeyuka, basi watu wanaishi kwenye mji wa vyombo vinavyoruka, wanalikimbia jua usiku na mchana. Steringi anaitwa Nomad, anatua pale akiwa anawindwa. Nilisoma kurasa hamsini bila kunyanyua kichwa.

Kisha yakaanza. Nipo barazani kwetu Ngamiani, magharibi imeshaadhiniwa, kahawa imepoa kikombeni, namsoma Nomad anakumbuka viapo alivyokula zamani. Viapo gani? Kwa nani? Nikarudi nyuma kurasa kumi nikidhani nimeruka mahali. Sikuruka. Mbele kidogo anamkumbuka bwana wake wa zamani, na imeandikwa kama vile mimi namjua. Kuna sauti inayosema naye kichwani, na uchungu wote kati yao umetoka kwenye dunia nyingine ambayo sijawahi kufika. Tena Nomad si jina lake. Ni mtu wa Stormlight! Jina sitalitaja, nisije nikamfanyia mwenzangu nilichofanyiwa. Sasa majuzuu yale matano, siku nikijaaliwa kuyanunua, nitayasoma nikijua yule kijana maisha yake yalimpeleka wapi. Hilo halirudishwi na mtu. Ukishajua umeshajua.

Nilipomwandikia muuzaji akanijibu: "Kwani hadithi haikuisha? Basi kinajitegemea."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Hadithi kuisha ni jambo moja, na mgeni kuweza kuingilia hapo ni jambo jingine kabisa. Mtu anayeuza vitabu hawezi kuyachanganya haya mawili, na ninyi mliosoma vitabu kumi na tano vya mwandishi mmoja ndio kabisa hamna udhuru. Mmezoea mno hadi hamkumbuki kutojua kulikuwaje.

Mzee wetu Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii hii, alibuni Kusadikika na akabuni Kufikirika. Soma Kufikirika kwanza bila kumjua Karama wa Kusadikika wala kesi yake, hakuna kinachokupungukia. Huko ndiko kujitegemea ninakokujua.

Na msiseme nataka makuu, maana kwa mwandishi huyo huyo kipo. Juzi binamu yangu kaniazima Tress of the Emerald Sea, nacho cha 2023. Binti anayekusanya vikombe anasafiri kwenye bahari isiyo na maji, ina spora za kijani, chembe ndogo kama vumbi, na tone moja la maji likizigusa zinachipua mitambaazi papo hapo. Msimulizi wake, Hoid, kumbe anatokea karibu Cosmere nzima. Sikujua, na sikuhitaji kujua. Nimefurahi mwanzo hadi mwisho. Kwa nini hamkunitajia hiki? Swali langu lilikuwa refu, nililieleza vizuri, nikasema naanza.

Ninachodai ni kidogo. Mtu akiuliza aanze na kipi, mwulizeni kwanza amesoma nini. Kama steringi ametoka kitabu kingine, semeni ametoka kitabu kingine, jina lake lifichwe. Muuzaji naye aliandike hilo pale anapoandika bei.

Nakala yangu ya The Sunlit Man naiuza, haina kunjo hata moja. Namuuzia aliyekwisha kuyasoma majuzuu ya Stormlight. Anayeanza simpi, hata akija na bei kamili.