Naomba ushauri: binti anasomea nyumbani, QT au Cambridge?

Wakuu, habari zenu.

Binti yangu ana seli mundu. La saba alimaliza vizuri, ila sekondari ya bweni ilimshinda: wiki darasani, wiki wodini. Sasa anasomea nyumbani, mimi na mwalimu mstaafu wa mtaani tunamfundisha.

Najua anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa (QT), ule wa wasiosoma sekondari shuleni, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania). Shemeji yangu anasisitiza IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari, halafu tuombe NECTA ulinganifu wa matokeo. Ada zake sasa, mh! Na binti anataka udaktari, kwa hiyo Kemia na Biolojia hazikwepeki. Waliopitia QT, practical mlifanyia wapi? Kuna shule inayokubali mtoto wa nje atumie maabara yake?

Jingine: mume wangu anataka na mdogo wa huyu binti, wa darasa la nne, abaki nyumbani. Mimi nasita, maana Sheria ya Elimu ya 1978 inalazimisha mahudhurio ya shule ya msingi. Kuna mzazi aliyewahi kuomba ruhusa kwa afisa elimu? Alijibiwaje?