Tupeane uzoefu: suala zito la dini ulilipeleka kwa nani, na jibu uliliamini kwa nini?

Bint Wete
Assalamu alaykum, na amani kwa ndugu zetu Wakristo. Ukikwama kwenye suala la dini ambalo ndani yake mna haki au uhai wa watu, unakwenda kwa nani? Unajuaje kuwa jibu ni la kutegemea? Kila mtu aseme lililomfika mwenyewe, ya kusikia tuyaache.

Naanza mie. Baba aliumwa, tukahitaji pesa kwa haraka. Akatokea mtu wa kukodi mikarafuu yetu misimu mitatu, taslimu, na miti yenyewe haijaonesha hata dalili ya kuzaa. Kwetu Pemba hili si geni. Kaka akaniletea klipu ya shehe anasema haramu, binamu akaleta ya mwengine anasema haina neno. Wote wanasoma aya, wote wanajiamini.

Nikamfuata maalim anayesomesha Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu cha fiqhi ya Kishafii, baada ya Isha. Kabla hajajibu aliniuliza yeye: miti imeshatoa? Mwaka isipozaa, hasara ya nani? Mgonjwa anatibiwa wapi, na mna njia nyengine? Ndipo akafungua kitabu. Mtume (SAW) amekataza kuuza matunda kabla hayajadhihirika kufaa kwake, na kwa sisi Mashafii kukodi mti kwa ajili ya mazao yake hakusihi. Halafu, bila ya kuulizwa, akasema wapo wanavyuoni walioruhusu kukodi shamba la miti, akiwemo Ibn Taymiyya, akanieleza na hoja zao. "Mie nakujibu kwa madhehebu yangu, lakini usimwite jirani yako mla haramu." Na hakuniachia hapo. Alikwenda mwenyewe kuzungumza na mfanyabiashara mmoja wa mtaani, tukakopeshwa bila ya riba, tukalipa karafuu zilipouzwa.

Mkaazi wa Shangani
Mie Mkatoliki, nasali kanisa la Minara Miwili. Mama yetu figo zilikataa na moyo ulikuwa umechoka. Daktari akatwambia kusafishwa damu kunamtesa na hakutamponya. Tukikubali kuacha, tumemuua? Ndugu tuligawanyika, na shangazi alikuwa hataki hata kusikia.

Padre alikuja wodini. Alizungumza kwanza na daktari, kisha akavuta kiti akakaa na mama, kwa sababu mama akili zake zilikuwa timamu na sisi sote hakuna aliyekuwa amemuuliza. Baadaye akatufungulia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278: kuacha tiba nzito, ya hatari au isiyolingana na matokeo yanayotarajiwa kunaweza kuwa halali, kwani mtu hakusudii kuua, anakubali tu kwamba hawezi kukizuia kifo. Akaenda namba 2279 na hapo akawa mkali: huduma ya kawaida haiachwi hata mgonjwa akiwa anakaribia kufa. Mama akasema anataka nyumbani. Tulimwogesha, tukamnywesha uji, tukampa dawa za maumivu mpaka Bwana alipomchukua.

Shangazi aliazima kile kitabu akakisoma mwenyewe usiku. Kwangu jibu la kuaminika ni lile ninaloweza kulifungua nikalisoma bila ya aliyenipa kuwepo. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo na bado wakayachunguza maandiko kila siku, na Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo.

Mwalimu wa skuli, Kikwajuni
Nakazia la Mkaazi. Darasani watoto hunambia "Jisaidie nami nitakusaidia" ni maneno ya Biblia. Hayamo. "Tafuteni elimu hata China" wanasema ni hadithi ya Mtume, na wanavyuoni wa hadithi wengi wameidhoofisha, Ibn al-Jawzi ameiweka kabisa kwenye za kuzuliwa. Sasa ujumbe wa sauti unaozunguka hauna jina la msemaji wala kitabu, huo mie sijengei hukumu.

Mtembeza wageni, Mji Mkongwe
Mayahudi hapa kwetu ni wageni wanaopita, lakini niliwahi kumtembeza mzee mmoja aliyesomea sheria za dini yao. Tulipumzika kwenye baraza kule Mkunazini, nikamuuliza wao wanafanyaje. Alisema katika mafunzo ya mababu zao mna agizo: jifanyie mwalimu. Unamchagua mmoja anayekujua, unamwandikia suala lako, naye anakuandikia jibu na hoja zake. Majibu hayo yamekusanywa vitabu kwa vitabu, karne nyingi, na leo rabi, mwanachuoni wao, akiulizwa hurudi kuyapekua. Mishna yao, mkusanyo wa zamani wa sheria zao, imehifadhi hata rai za walioshindwa hoja.

Lililonikaa zaidi ni kanuni ya Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mijadala ya sheria: ukimuuliza mwanachuoni akakukataza, usiende kwa mwengine ili akuruhusu. Nikawakumbuka jamaa zangu wa talaka, wanavyozunguka kwa mashehe mpaka wapate anayesema "bado haijapita". Mke yuko ndani anangoja, hajui yeye ni mke au si mke. Huo ni udhalimu, jamani. Tunao makadhi, tunayo Ofisi ya Mufti Mazizini. Suala la ndoa lipelekwe mahali pamoja na pande zote mbili zisikilizwe.

Bint Wete
Ahsanteni sana. Na masuala yetu ya kike je? Mie kwa maalim yule siwezi kufungua mdomo.

Mama wa Chake
Wewe mwanangu, ndiyo maana tunao maalimu wanawake. Mie nilipopata damu isiyokatika baada ya uzazi, sijui nisali au nisisali, nilikwenda kwa bibi aliyenisomesha chuoni. Aliniuliza siku, rangi, ada yangu ya hedhi ya zamani, akanipigia hesabu pale pale. Palipomshinda akasema "hapa sijui", akampigia simu mwalimu wake Unguja, akaniwekea nisikie jibu kwa sikio langu. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Darsa letu ni Alkhamis baada ya Alasiri, uwanjani kwa bibi, hapa Chake. Ukitoka Wete panda gari ya mapema, na suala lako kama unaona haya kulisema mbele za watu, liandike kwenye karatasi umpe mkononi.