Vishale vya shaba au vya tungsteni: nichague vipi?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Klabu yetu hapa Nakuru imetundika ubao wa katani wa mchezo wa kurusha vishale (darts), nami nimeamua kununua vishale vyangu badala ya kuazima. Dukani nimeonyeshwa seti tatu, zote za gramu 22 kwa kila kishale: ya shaba ya manjano, ya tungsteni asilimia 80, na ya tungsteni asilimia 95. Bei inapanda sana kutoka ya kwanza hadi ya tatu. Ikiwa uzito ni ule ule, ninalipia nini hasa?

Jibu la kwanza
Ndugu, unalipia wembamba. Sentimita moja ya ujazo ya tungsteni tupu ina uzito wa gramu 19.3, ilhali ya shaba ya manjano ina takriban gramu 8.5, kwa hiyo kishale cha shaba hakina budi kunenepa ili kifikie gramu 22. Kwa kiwiliwili (sehemu nzito ya kushikia) cha urefu wa milimita 50, cha shaba kitakuwa na kipenyo cha milimita 8 hivi, na cha tungsteni kitakaribia 6. Upana wa ukanda wa mara tatu, yaani ule unaozidisha pointi kwa tatu, ni milimita 8 tu, na mchezaji anayetafuta 180, alama ya juu kabisa kwa vishale vitatu, anapaswa kuviingiza vyote ndani ya kipande kimoja cha ukanda huo, cha 20. Kishale kinene kikitangulia, huziba njia ya vinavyofuata.

Jibu la pili
Maelezo hayo ni sahihi, lakini faida hiyo humfikia mtu ambaye vishale vyake tayari vinatua karibu karibu. Anayeanza bado anatafuta uzito unaoufaa mkono wake, na shaba humruhusu kujaribu gramu 20, 22 au 24 bila gharama kubwa. Kasoro yake ni ulaini: michirizi ya kushikia hulika kwa matumizi, kishale kikaanza kuteleza vidoleni, hasa mikono ikitoa jasho.

Kuhusu asilimia, mimi nisingelipia 95. Tungsteni tupu ni ngumu lakini huvunjika kwa urahisi, ndiyo maana huchanganywa na madini mengine, hasa nikeli. Kati ya 80 na 95 kipenyo hupungua kidogo sana, ilhali kutoka shaba hadi 80 badiliko linaonekana kwa macho. Ukishajua uzito wako, nunua ya 80 au 90, na fedha zitakazobaki uziweke kwenye mabawa ya akiba (yale ya mkiani mwa kishale), kwa sababu vishale vyembamba vinapokaribiana hugongana na kuchana mabawa.

Jibu la tatu
Naunga mkono, ila naomba usichague kwa madini peke yake. Omba uvishike vyote vitatu dukani, uangalie kama vidole vinatua mahali pamoja kila mara, maana kiwiliwili kilichonyooka na kilichotuna mbele hushikwa kwa namna tofauti kabisa. Ncha ni za chuma cha pua katika seti zote hizo, kwa hiyo utunzaji wake haubadiliki: ncha ikiota kikwaruzo, isugue taratibu kwa jiwe la kunolea, la sivyo itakuwa inang'oa nyuzi za katani kila unapochomoa kishale, na ubao wa klabu utaharibika mapema.