/fill inakataa: nataka kupiga mtaa mzima chokaa

Mkomani_Bloki
Asalaam aleikum. Najenga mtaa wa Mkomani, Lamu, ndani ya Minecraft, mchezo wa kujenga kwa bloki, toleo la Java la kompyuta. Kuta zote nimesimamisha kwa stone (jiwe), sasa nataka ziwe nyeupe, za zege. Naandika amri ya kujaza eneo, kutoka kona moja hadi ya pili:

/fill 0 64 0 60 76 60 white_concrete

Inajibu bloki zimezidi. Nikipunguza eneo inakubali, ila inameza milango, ngazi na vyumba, kunabaki bonge moja jeupe. Na grey_concrete ya baraza haitambui kabisa. Tatizo liko wapi?

FundiLangoni
Waaleikum salaam. Kikomo cha /fill ni bloki 32,768 kwa amri moja, na hewa nayo inahesabiwa. Kutoka 0 hadi 60 ni bloki 61, maana ncha zote mbili zimo. Basi 61 × 61 × 13 ni 48,373. Gawa kwa kimo:

/fill 0 64 0 60 71 60 white_concrete replace stone
/fill 0 72 0 60 76 60 white_concrete replace stone

Ya kwanza ni 29,768, ya pili 18,605. Hayo maneno ya mwisho, replace stone, ndiyo yanayookoa milango: amri inagusa stone peke yake. Kama sakafu yako pia ni stone kwenye kimo cha 64, anzia 65, la sivyo nayo itageuka. Usijaribu hollow kwa kazi hii. Inaweka ganda na kufuta kila kilicho ndani. Isiyogusa ndani ni outline.

Kijivu andika gray, kwa a. Na utoe nakala ya ulimwengu kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu /fill haina kurudi nyuma.

Pepo_za_Shela
Yote sawa, lakini white_concrete mtaa mzima itang'aa kama hospitali. Chokaa ya Lamu ina madoa ya mvua na chumvi. Weka kuta za nje white_concrete, kisha chagua vipande vya chini karibu na barabara uvigeuze calcite (jiwe jeupe), bloki mbili tatu hapa na pale, kwa /setblock, amri ya kuweka bloki moja moja. Ukitaka jiwe la matumbawe lisilopakwa, white_terracotta inafaa: jina lasema nyeupe, rangi yake ni ya maziwa yenye wekundu kidogo. Epuka white_concrete_powder, inaporomoka kama mchanga ikikosa bloki chini yake. Wool (sufu) nayo inashika moto.

Mkomani_Bloki
Imekubali, shukran. Je, boriti za dari? Nataka ziachane bloki moja moja, na /fill hairuki.

FundiLangoni
Weka moja, kisha zidisha kwa /clone, amri ya kunakili. Chumba kiwe na upana wa bloki 3 tu. Vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko ndio unaoamua.

/fill 10 68 20 12 68 20 stripped_mangrove_log[axis=x]
/clone 10 68 20 12 68 20 10 68 22
/clone 10 68 20 12 68 22 10 68 24

Sasa una nne, kwenye 20, 22, 24 na 26. Endelea kuchukua zote na kuzipeleka mbele, zinaongezeka maradufu. Namba tatu za mwisho ni kona yenye namba ndogo kabisa ya mahali pa kubandika. Eneo la asili na la kubandika yakipandana, amri inakataa. Ukisahau axis=x magogo yatasimama wima kama nguzo. Mti huo wa mkoko (mangrove) umeingia toleo la 1.19, chini ya hapo hutaupata.

Kisiwani_Simu
Kwa wa simu, yaani Bedrock: amri za ukuta ni zilezile, ila matoleo ya zamani yanataka concrete 0 badala ya white_concrete. Simama katikati ya mtaa, maana sehemu ambayo simu haijaipakia haijengeki. Na ukishawasha amri kwenye ulimwengu huo, tuzo hutapata tena humo, hata ukizizima.