Nyoka aliyejifunga fundo kwenye vinara vya fedha: ni nembo ya ukoo gani?

Swali kutoka kwa Mkaazi wa Derby:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mume wangu ni mzaliwa wa Derbyshire, Uingereza, na mama mkwe alipofariki mwaka jana alituachia vinara viwili vya mishumaa vya fedha, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 30 hivi. Kwenye kitako cha kila kimoja pamechorwa nyoka aliyejifunga fundo, naye yuko juu ya kitu kama kamba iliyosokotwa. Hakuna ngao wala maneno. Marehemu alikuwa akisimulia kwamba babu yake, aliyekuwa mtunza farasi katika jumba la Chatsworth, alitunukiwa vinara hivyo na Duke wa Devonshire mwenyewe, kabaila mwenye jumba hilo. Wifi yangu anashikilia kwamba nyoka huyo ni nembo ya jina lao la ukoo, na tayari ameagiza pete zenye alama hiyo. Chini ya kitako kuna mihuri midogo: simba anayetembea, taji, kichwa cha mwanamume anayetazama kulia, herufi moja peke yake, na herufi mbili za kwanza za jina la fundi. Watoto wangu wananiuliza habari za vinara hivi, nami nataka kuwaandikia lililo kweli.

Jibu la Sonara wa Mombasa:

Pole kwa msiba, dada yangu. Tuanze na mihuri, maana hiyo haina upande katika mambo ya familia. Simba anathibitisha fedha ya kiwango cha sehemu 925 katika 1,000. Taji lilikuwa alama ya Sheffield hadi mwaka 1974, mji ambao ofisi yake ya kupima fedha ilianzishwa mwaka 1773, pamoja na ile ya Birmingham yenye alama ya nanga. Kile kichwa ni cha mfalme, na kilipigwa kuonyesha kwamba kodi ya fedha imelipwa. Kodi hiyo ilianza mwaka 1784 ikafutwa mwaka 1890. Kwa kuwa chako si kichwa cha Malkia Victoria, vinara hivi havivuki miaka ya mwisho ya 1830. Mwaka wenyewe utaupata kwenye ile herufi, ila tumia jedwali la Sheffield tu, kwani kabla ya mwaka 1824 mji huo haukufuata mpangilio wa alfabeti.

Vinara vingi vya Sheffield vya wakati huo viliundwa kwa bati jembamba la fedha lililokandamizwa kwenye kalibu za chuma, kisha ndani vikajazwa lami ili visimame imara. Ukikitikisa kimoja ukasikia kitu kinacheza, ni lami iliyopasuka. Nakusihi usivitumbukize katika maji ya moto ili kuondoa nta iliyoganda, maana lami ikiyeyuka itavimba na kuharibu umbo.

Halafu nifanyie jambo moja. Mpumulie nyoka huyo kama mtu anayefuta miwani, kisha mtazame kwa mshazari kabla ukungu haujakauka. Pitisha na kidole gumba polepole. Mahali palipowahi kufutwa alama huwa pamebonyea kidogo, na ukungu huonyesha mistari ambayo jicho kavu haliioni.

Jibu la Msomaji wa Nembo:

Dada, kwanza mzuie wifi yako asiendelee na hizo pete. Katika desturi ya Uingereza nembo hupewa mtu mmoja na wazao wake halali. Haipewi jina la ukoo. Watu wawili wanaweza kuwa na jina moja, mmoja akawa na haki ya nembo na mwingine asiwe nayo kabisa. Wanaosimamia jambo hili huko ni College of Arms ya London, iliyoanzishwa na Mfalme Richard III mwaka 1484.

Alama uliyoieleza haitoki kwenye ngao. Ni ile iliyovaliwa juu ya kofia ya chuma, na kamba uliyoiona ni vitambaa vilivyosokotwa kuzunguka kofia hiyo. Nyoka aliyejifunga fundo ni alama ya akina Cavendish, ambao ndio ukoo wa Duke wa Devonshire, wenye kaulimbiu ya Kilatini isemayo kwamba ajihadhariye husalimika. Kwa hiyo simulizi ya mama mkwe ina mahali pa kusimama. Hata hivyo, alama moja ya namna hii huweza kutumiwa na koo kadhaa zisizohusiana, na ndiyo sababu ngao ingetusaidia zaidi. Tena fedha ya Duke kwa kawaida huwa na taji la cheo chake, lenye majani ya stroberi, juu ya alama. Je, vyako vina taji hilo?

Mkaazi wa Derby:

Ahsanteni sana. Taji juu ya nyoka halipo. Nimepumulia kama alivyoelekeza ndugu Sonara, mkono ukitetemeka, na kwenye vinara vyote viwili nimeona chini ya nyoka mistari miwili iliyosimama wima na mkunjo mmoja, kama mabaki ya herufi za jina. Kidole nacho kinahisi kibonyeo.

Msomaji wa Nembo:

Basi nyoka alikuja baadaye. Mwenye vinara wa kwanza aliweka herufi zake, na aliyevipata baada yake akazifuta akaweka alama ya kwake. Hili halimwondoi babu wa mama mkwe, kwa kuwa angeweza kupewa vitu vikuukuu na mtu yeyote wa ukoo ule asiyekuwa Duke. Linaondoa tu wazo kwamba vilitengenezwa kwa ajili ya Duke au kwa ajili ya jumba. Waandikie watunza kumbukumbu wa Chatsworth, ambao wanahifadhi hesabu na nyaraka za watumishi, uwape jina la babu huyo na miaka aliyofanya kazi. Na ofisi ya kumbukumbu ya Derbyshire iliyoko Matlock itakupatia vitabu vya ubatizo na ndoa.

Sonara wa Mombasa:

Na hadi watakapokujibu, usipasugue pale penye nyoka kwa dawa ya kung'arishia. Bati limekwisha kukwanguliwa mara moja.