Kihisio cha sukari na kipimo cha kidole vinapohitilafiana

Mwuliza swali (Makorora, Tanga)
Ndugu zangu, naomba msaada. Mama yangu ana kisukari na anachoma insulini. Kaka yetu aliyeko Uingereza alimletea kihisio kinachobandikwa nyuma ya mkono, ambacho hupeleka kiwango cha sukari kwenye simu usiku na mchana kwa siku 14. Juzi saa tisa usiku simu ililia ikionyesha 3.2 (mmol/L), yaani sukari imeshuka mno. Tulimwamsha tukamkorogea maji ya sukari, ingawa hakuwa akitoka jasho wala kutetemeka. Kabla hajayamaliza nilimchoma kidole nikakuta 7.1, yaani haijashuka. Sasa anataka kukibandua. Tuamini kipi?

Jibu la kwanza
Pole kwa kukesha. Mimi ni muuguzi, na swali langu la kwanza ni hili: mama alikuwa amelalia mkono upi? Kihisio hakipimi damu yenyewe, bali uzi mwembamba uliopenya chini ya ngozi hupima sukari iliyomo katika maji yaliyo kati ya seli. Mkono ukilaliwa, mahali pale hubanwa na namba huporomoka ilhali sukari ya damu imetulia. Akigeuka, hurudi juu yenyewe. Hata akiwa macho, baada ya chakula kihisio huweza kuchelewa nyuma ya damu kwa dakika tano hadi kumi na tano.

Hata hivyo, msiupuuze mlio. Akiwa na jasho, mtetemeko au maneno yasiyoeleweka, mpeni sukari kwanza, kupima kufuate. Asipokuwa na dalili, anawe mikono, aikaushe, ndipo achomwe kidole, maana chembe ya sukari iliyobaki kidoleni hupandisha kipimo.

Jibu la pili
Naomba msikibandue. Dada yangu ana selimundu pamoja na kisukari, na kwa muda mrefu kipimo chake cha HbA1c (kinachokadiria wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita) kilikuwa kikitoka kizuri huku miguu ikimwaka moto. Kipimo hicho hutegemea chembe nyekundu za damu ziishi takriban siku 120, lakini za mwenye selimundu hufa mapema mno, kwa hiyo majibu huwa ya chini kuliko hali halisi. Kihisio ndicho kilichotuonyesha jinsi sukari yake ilivyokuwa ikipanda kila baada ya chakula cha usiku.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Nimemuuliza mama: hulalia ubavu wa kushoto, na kihisio kiko mkono huohuo. Kijacho tutakibandika mkono wa kulia.