Tupeane uzoefu: Safari ya kufuata nyayo za waandishi vijijini England

Mwl_Morogoro (mtoa mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Nafundisha fasihi sekondari hapa Morogoro. Mungu akijalia, mwakani mwezi wa tano nakwenda Uingereza kwa dada yangu anayeishi Leicester. London nitapita, lakini hamu yangu iko vijijini, kwenye nyumba walimoishi waandishi, makaburi yao na njia walizozoea kutembea.

Kituo kimoja hakina mjadala: Stratford-upon-Avon. Mhusika Shylock nilimjua kwa Kiswahili, kwenye Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere (1969) ya tamthilia ya Shakespeare, kabla sijamsoma kwa Kiingereza. Nataka nisimame mbele ya kaburi la Shakespeare ndani ya kanisa la Holy Trinity, lile ambalo jiwe lake linamlaani atakayeihamisha mifupa, halafu nitembee hadi Shottery kwenye nyumba ya paa la nyasi alikokulia mkewe, Anne Hathaway. Dada anasema napitia Birmingham na kurudi siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ndipo ninapokwama, maana kila mkoa wa England una mwandishi wake. Tupeane uzoefu: ulikwenda wapi, ulifikaje, na ulikuwa umesoma kitabu kwanza au ulikwenda hivihivi? Orodha za vivutio ninazo, naomba visa vyenu wenyewe.

Nesi_wa_Leeds

Mwalimu, nenda Haworth. Mimi ni Mkenya, nauguza huku Leeds, na sijaona mahali paliponishika kama pale. Unapanda treni ya kawaida hadi Keighley, karibu nusu saa, kisha unahamia treni ya mvuke inayopanda bonde hadi Haworth. Angalia ratiba yake kabla, kwa sababu haiendi kila siku. Siku isipokwenda kuna basi.

Barabara kuu ya kijiji ni ya mawe na ni mlima hasa, vaa viatu vinavyoshika. Juu kabisa kuna kanisa, makaburi, na nyuma ya makaburi nyumba ya kasisi Patrick Brontë, ambayo ni makumbusho tangu 1928. Humo ndimo mabinti zake watatu, Charlotte, Emily na Anne, walimoandika riwaya zao. Meza yenyewe ipo chumba cha kulia: ina madoa ya wino, alama ya kuungua kwa mshumaa katikati, na herufi E ndogo iliyochongwa kwenye mbao. Usiku walikuwa wakiizunguka meza hiyo wakisomeana walichoandika. Kuna pia vile vitabu vidogo walivyotengeneza utotoni kwa ajili ya wanajeshi wa kuchezea wa kaka yao, Branwell. Kimoja kinalingana na kiberiti, kimeshonwa kwa uzi, na maandishi yake ni madogo hivi kwamba nilisogeza uso hadi kioo kikapata ukungu wa pumzi yangu.

Kilichonikalia moyoni ni makaburi. Mwaka 1850 mkaguzi wa serikali, Benjamin Babbage, alikuja kupima hali ya maji, na Patrick Brontë alikuwa miongoni mwa waliomwomba aje. Akakuta wastani wa umri wa kufa Haworth ni miaka 25.8, na zaidi ya watoto 4 kati ya 10 hawakufika miaka sita. Maji ya kunywa yalichanganyika na uchafu wa vyoo na wa makaburi yaliyofurika. Branwell, Emily na Anne walifariki ndani ya miezi tisa, kati ya Septemba 1848 na Mei 1849. Charlotte akafuata 1855. Baba aliwapoteza watoto wake wote sita, akaishi hadi 1861. Nikiwa mtu wa hospitali, nilisimama pale kwa muda mrefu nikisoma umri kwenye mawe: miezi saba, miaka miwili, miaka kumi na tisa. Baada ya hapo Wuthering Heights, riwaya ya Emily, ilinisomekea upya kabisa. Vile vifo vya kila mara kitabuni si chumvi ya mwandishi.

Ukiwa na nguvu, tembea hadi Top Withens, magofu ya nyumba ya shamba juu ya nyanda zisizo na mti, ambayo watu huihusisha na nyumba ya Wuthering Heights. Ni kilomita tano na ushee kwenda, unapitia maporomoko madogo ya Brontë. Vibao vya njia vimeandikwa hata Kijapani, ujue watu wanatoka mbali. Chama cha Brontë kiliweka bamba pale 1964 likisema wazi kwamba nyumba hiyo haikufanana na ile ya kitabuni. Mimi halikunipunguzia kitu. Upepo ndio ninaoukumbuka, ulikuwa unanisukuma mgongoni hadi hatua zikawa za kukimbia.

Sukuma_Reading

Asante kwa uzi huu. Sisi tulimpeleka mama mzazi Chawton, Hampshire, alipokuja kututembelea. Ana tatizo la magoti, hivyo milima ya Yorkshire isingewezekana. Treni kutoka London Waterloo hadi Alton ni zaidi kidogo ya saa moja, halafu teksi dakika chache. Mwenye miguu mizima anatembea nusu saa.

Hapo ndipo Jane Austen alipoishi kuanzia 1809 hadi 1817, na humo alikamilisha riwaya zake. Kimeza alichoandikia ni kidogo mno, chenye pembe kumi na mbili, kiko dirishani. Mama hajasoma riwaya hata moja, nikamweleza tu: baba alifariki, mama mjane na mabinti wawili wakahamahama kwa miaka kadhaa, hadi kaka mmoja, Edward, aliyekuwa amechukuliwa na ndugu matajiri, alipowapa nyumba hii. Na kitabu cha kwanza kilipotoka 1811, kwenye jalada jina lake halikuwepo, iliandikwa tu kwamba ni cha "bibi mmoja".

Mama akauliza, "Kwa hiyo kaka angekataa, wangelala wapi?" Mwalimu, riwaya zote zile za kutafuta mchumba mwenye kipato zimo ndani ya swali hilo. Sikuwahi kuziona hivyo darasani. Tulikaa bustanini hadi karibu na kufungwa, mama akinisimulia mambo ya shangazi zake wa Magu ambayo nilikuwa siyajui.

Kesho yake tulikwenda Winchester. Kaburi lake liko ndani ya kanisa kuu, na jiwe linamsifu kwa tabia njema na imani, halitaji riwaya hata moja. Bamba la kuutaja uandishi wake liliwekwa 1872, miaka 55 baada ya kifo.

Dereva_Bristol

Naona wote mnapanda treni. Mkuu, fikiria gari. Leseni yako ya Tanzania inakuruhusu kuendesha hadi miezi 12 ukiwa mgeni, na huku tunapita kushoto kama nyumbani. Kwa gari nilifika kwa Thomas Hardy, mwandishi wa riwaya na mshairi, mkoa wa Dorset. Nyumba ya Higher Bockhampton aliyozaliwa ilijengwa na babu wa baba yake, unaifikia kwa miguu kupitia msituni. Karibu na hapo ni Stinsford: alipofariki 1928 majivu yake yalizikwa Westminster Abbey, lakini moyo wake ulizikwa hapo kijijini. Njia zile ni nyembamba, uzio wa miti umekuzidi kimo, mkikutana mmoja anarudi kinyumenyume hadi penye upana. Usiwe na haraka.

Nesi_wa_Leeds

@Dereva_Bristol kwa Dorset nakubali, vijiji viko mbalimbali. Ila kwa mtu mmoja mwenye bajeti ya mwalimu, tangu Januari 2025 mabasi mengi ya England hayazidishi pauni 3 kwa safari moja. Tahadhari ni Jumapili tu, vijiji vingine basi haliji kabisa.

Udi_Canterbury

Assalaam aleikum. Mimi Mzanzibari, nipo Kent. Nimesoma yote haya na nasubiri nione nani atamtaja Abdulrazak Gurnah, hakuna!

Mwalimu, njoo Canterbury. Kutoka St Pancras ni kama saa moja kwa gari la moshi la mwendo kasi. Wanaokuja wengi wanawafuata mahujaji wa hadithi za mshairi Chaucer, na Marlowe, mwandishi wa tamthilia, ambaye kazaliwa hapa 1564. Lakini mtu wetu katoka Unguja kijana, miaka ya 1960 inamalizika, kasomesha Chuo Kikuu cha Kent mpaka kustaafu, na 2021 kapata Nobel ya Fasihi. Yeye yu hai, alhamdulillahi, na nyumba yake si makumbusho, kwa hivyo usiende kumtafuta. Mfuate vitabuni.

Mimi nilifanya hivi. Nilichukua By the Sea (2001), kile cha mzee anayeshuka Gatwick kuomba hifadhi, na ofisa anamnyang'anya kijisanduku chake cha udi. Nikaenda nacho Whitstable kwa njia ya Crab and Winkle, njia ya zamani ya reli ambayo sasa ni ya miguu na baiskeli, kama kilomita 12, inapita msitu wa Blean. Pwani ya kule ni ya kokoto, bahari ina rangi ya kijivu. Nikasoma kurasa zile za udi nimekaa chini ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Mimi na udi nimelelewa nao, mama alikuwa akifukiza kila Ijumaa, na pale nilipokaa hapakuwa na harufu ila ya mwani na chumvi. Nililia, sioni haya kusema.

Ukirudi mjini, pita makaburi ya Canterbury alikozikwa mwandishi wa riwaya Joseph Conrad, 1924. Yule naye mgeni, Mpolandi, Kiingereza kakijua ukubwani. Na wanafunzi wako wasomee Peponi, riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise, kaitafsiri Ida Hadjivayanis, imetoka 2022 kwa Mkuki na Nyota hapo hapo Dar.

Mama_Pacha

Wenye watoto: Hill Top, kijiji cha Near Sawrey huko Lake District (eneo la maziwa), kwa Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za watoto. Tiketi zina saa maalumu, kata mapema. Ukiwa Windermere, basi namba 555 litakufikisha Grasmere kwa mshairi Wordsworth. Beba koti la mvua hata kukiwa na jua.

Mwl_Morogoro (mtoa mada)

Wakuu, mmenisaidia sana. Nimeamua: Stratford, Haworth, Canterbury. Kwa Austen nitampeleka dada, kwa sababu swali la mama yake Sukuma_Reading limemgusa na yeye. Ziwani na Dorset naviacha, sitaki kukimbizana na nyumba. Wuthering Heights naanza kuisoma upya leo. Udi_Canterbury, hiyo njia ya reli inafaa kwa mtu wa miaka 50?

Udi_Canterbury

Inafaa, Mwalimu. Kuna kilima cha kutoka mjini tu, baadaye ni msitu na mteremko. Kurudi panda basi. Nijulishe tarehe, nitakuja nawe, na By the Sea nitakuazima nakala yangu.